Kona ya Mwisho

Mzee Machage wa Kenyamonta alikuwa na sheria moja kuhusu wake za wanawe: wasimpite juu. Hakuitunga yeye. Aliikuta, kama alivyokikuta kile kilima nyuma ya nyumba yake. Mkwe wa kike hapandi ngazi baba mkwe akiwa chini, hapandi darini, hapandi hata juu ya gunia kufikia msumari ukutani huku mzee amekaa pale na kikombe chake cha uji. Wenyewe wanaiita ensoni. Ni aibu na ni heshima kwa pamoja, na mtu akikuambia anaweza kuvitenganisha viwili hivyo, mwache aende zake.

Sasa, katika mabinti wote wa Tarime, wenye duka na wenye cherehani, kijana wake Hezekia akaenda kumwoa fundi.

Bhoke alikuwa akizungushia upya koili za mota na transfoma katika karakana ya Mzee Maftah, pale Tarime mjini. Kazi hiyo huwezi kuifanya kwa sketi. Ilikuwa ovaroli, mafuta mpaka kwenye viwiko, na kupanda. Watu walipomuuliza Machage mkwe wake anafanya nini huko mjini, alijibu, "Yupo, anafanya kazi," kisha akageuzia maneno kwenye mvua. Bhoke alilijua hilo. Na yeye, kila alipokuja Kenyamonta, aliacha ovaroli Tarime, akasugua kucha kwa ndimu, akavaa sketi ndefu na kanga juu yake, akashinda jikoni na mama mkwe wake, Stefania, akimenya viazi kama mtu ambaye hajawahi kushika spana maishani. Mkwe alimwonea aibu baba mkwe, baba mkwe alimwonea aibu mkwe, na nyumba ikaenda vizuri tu.

Kilichoiharibu amani hiyo ni mashine ya kusaga.

Kitongoji chao hakikuwa na mashine. Wanawake walibeba ndoo za mahindi na mtama mpaka upande wa Ringwani, wakapanga foleni huko, wakarudi jua limezama. Machage akatoa ng'ombe, akaenda Sirari, akanunua mashine nzuri ya Kijapani kwa mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Clement. Mota ya mashine ile ilitaka umeme wa fezi tatu wa volti mia mbili, na umeme wa kwetu, kila mtu anajua, ni mia nne. Kwa hiyo Clement akampa na transfoma ya kuupunguza, sanduku la chuma lenye ukubwa wa kreti mbili za soda na uzito wa ng'ombe mgonjwa.

"Nani ataifunga?" Machage akamuuliza Hezekia, ambaye ni mwalimu huko Ringwani na huja nyumbani mwisho wa juma.

"Wa kuifunga ni mkweo, baba."

Mzee alimwangalia ndama muda mrefu. Halafu akasema, "Basi aje."

Maneno mawili tu, lakini Bhoke alipopigiwa simu alifurahi kupita kiasi. Aliyabeba yale maneno mawili njia nzima kutoka Tarime. Lakini alipofunga begi lake, ovaroli aliiacha msumarini. Mkono uliikataa wenyewe.

Alipofika alimwamkia mzee, "Shikamoo, tata," kama baba anavyoitwa huko, akiwa mbali kidogo na macho yakiwa chini, akajibiwa. Transfoma ilikuwa imewekwa kivulini karibu na zizi la mbuzi. Akachuchumaa, akajifunga kanga vizuri, akafungua mfuniko. Shemeji yake Kornelio, mdogo wake Hezekia, alikuja kumshikia vifaa. Kornelio ni mtu mzima mwenye watoto, mkulima hodari, na umeme anauogopa kama anavyoogopa chatu.

Bhoke aliangalia ndani akatikisa kichwa.

"Hii wameifunga nyota pande zote mbili. Mngeiwasha hivi, ingewatolea mia tatu na arobaini na kitu. Mota ingekufa asubuhi ya kwanza."

"Nyota ndiyo nini, shemeji?"

Akamwonyesha. Ndani mlikuwa na koili tatu za kuingizia umeme na koili tatu za kutolea. Kila koili ina ncha mbili: mafundi huita moja kichwa na nyingine mkia. Ukichukua mikia yote mitatu ukaifunga fundo moja katikati, vichwa vikatoka nje, hiyo ni nyota. Lakini ukichukua mkia wa koili ya kwanza ukaufunga kwenye kichwa cha ya pili, mkia wa pili kwenye kichwa cha tatu, na mkia wa tatu ukarudi kwenye kichwa cha kwanza, umepata duara lenye kona tatu. Hiyo ni delta. Upande wa kuingia ubaki nyota, alisema, na upande wa kutoka ugeuzwe delta. Hapo mia mbili itapatikana.

"Kama watoto wakishikana mikono kucheza," Kornelio akasema.

"Hivyohivyo. Lakini wote watazame upande mmoja. Akiwepo mmoja tu aliyegeuka, umeme hautoki kwenda kazini. Unazunguka humohumo ndani ya duara, unajichoma wenyewe."

Kwa sababu hiyo, Mzee Maftah alikuwa amewafundisha mafundi wake wote jambo moja ambalo halina mjadala katika karakana yake. Delta haifungwi yote. Unafunga kona mbili, ya tatu unaiacha wazi. Unawasha upande wa kuingia, unapima kwenye ule mwanya wa kona ya mwisho. Koili zote zikiwa zimetazama sawa, mita haioni kitu, labda volti chache za kubabaisha. Moja ikiwa imegeuka, mita inaruka mpaka mia nne. Ukishaona namba kwa macho yako ndipo unazima na kufunga ile kona.

Bhoke alifunga kona mbili palepale chini. Vichwa vilikuwa vimebandikwa karatasi ndogo za alama, ila koili moja karatasi yake ilikuwa imebanduka zamani. Akakisia kwa jinsi waya ulivyotokeza. Hakuwa na wasiwasi. Kipimo kitasema.

Tatizo ni kwamba pa kupimia palikuwa juu.

Machage alikuwa amejengesha jukwaa la chuma juu ya mlango wa chumba cha mashine, refu kumpita mtu aliyenyoosha mkono, kwa sababu wajukuu zake hawana adabu na mbuzi wake wana adabu ndogo zaidi. Nyaya kutoka kwenye nguzo ziliingilia hukohuko juu. Vijana waliipandisha transfoma kwa kamba, wakaikaza kwa boliti, wakashuka. Na kufikia hapo mzee alikuwa ameshaita watu. Wazee wa kitongoji walikuja na viti vyao, Nchagwa mwenye ulimi mrefu akiwa mbele yao. Wanawake walikuja na ndoo za mahindi, wakajipanga kando ya ukuta. Machage mwenyewe akaweka kiti chake mahali pazuri kuliko pote, pa kuona kila kitu: chini ya ngazi.

Bhoke alisimama na mita mkononi, akaitazama ngazi, akakitazama kiti. Joto lilimpanda shingoni. Alijiona akipanda, sketi, miguu, na macho ya wazee wote, na ya huyu mmoja kuliko yote. Angeweza kusema, "Tata, naomba usogee." Wengine watasema ni maneno mepesi. Waende wao wakayaseme.

"Shemeji," akamwambia Kornelio kwa sauti ndogo, "panda wewe. Hivi vijiti viwili vya mita, kimoja gusisha upande huu wa kona iliyo wazi, kimoja upande wa pili. Usiguse kitu kingine chochote. Inatakiwa isome sifuri."

Hapo ndipo alipokosea kwanza, kumtajia mtu mwoga jibu kabla ya swali.

Kornelio alipanda. Umeme ukawashwa upande wa kuingia, transfoma ikaanza kuguna. Kornelio akanyoosha vile vijiti akiwa amegeuza uso pembeni, akarudisha jicho moja kwenye mita.

"Sifuri!" akapaza sauti.

Wazee wakapiga makofi. Bhoke hakupiga. Sifuri anaijua. Mita husema sifuri mambo yakiwa sawa, na husema sifuri hiyohiyo ikiwa haijagusa kitu. Vichwa vya waya vile vilikuwa na vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Alitaka amwambie akwangue kwanza, kisha agusishe kwenye fezi mbili aone kama mita ina uhai, ndipo arudie.

"Shemeji, hebu rudia, kwanza ukwa—"

"Amesema sifuri," Machage akakatiza, kwa upole kabisa, bila kugeuka. "Si ulisema isome sifuri? Unataka nini tena?"

Nchagwa akacheka. "Mwanamke akitumwa chumvi, ataihesabu punje."

Wakacheka wote. Bhoke alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, ila yalikauka hapohapo kooni. Kumrudi baba mkwe mbele ya wazee wenzake, kwenye siku yake, chini ya jukwaa lake?

"Zimeni," akasema. "Shemeji, funga hiyo kona. Kaza nati vizuri."

Kona ikafungwa. Mzee akainua mkono kama mtu anayeruhusu mashindano yaanze, na umeme ukawashwa.

Transfoma haikuguna safari hii. Ilinguruma. Fyuzi zilikuwa kubwa, za kuhimili mota inapoanza, kwa hiyo zilichelewa kukatika, na katika kule kuchelewa moshi mweusi wa vanishi ukatoka chini ya mfuniko, ukamwagika jukwaani, ukashuka mpaka kwenye kiti cha mzee. Mtu akapiga yowe. Kornelio akaruka kutoka katikati ya ngazi. Fyuzi zikalia pa, pa, kukawa kimya, na harufu ile, harufu ambayo Bhoke aliifahamu vizuri, ikawafikia wote na ndoo zao.

Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Alibaki amesimama na mfuko wa spana begani, uso unamwaka, akisikia ndoo zikiinuliwa moja moja. Hakuna mwanamke aliyemlaumu. Waliondoka tu na mahindi yao kuelekea Ringwani, wakiongea chini chini, na mmoja alimgusa bega alipompita, jambo lililomuumiza zaidi.

Kisha akamsikia Machage akiwaambia wazee, kwa sauti kubwa ili wote wasikie:

"Yule mtu wa Sirari ameniuzia takataka. Transfoma mbovu. Mkwe wangu kaifunga vizuri, nyote mmeona."

Ingekuwa heri angemtukana. Mzee alikuwa anamfunika. Anafunika nyumba yake, jina lake, na mwanamke wa mwanawe, kwa uongo alioudhania ukweli. Bhoke aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye. Stefania alimtazama, akamsogezea beseni.

Transfoma ikapakiwa kwenye pikapu, ikarudi Tarime, na Bhoke pamoja nayo.

Mzee Maftah alizaliwa Tarime hapohapo, ingawa babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na mpaka leo karakana nzima humtania kwa kupenda chai ya tangawizi. Alifungua mfuniko, akanusa, akavuta koili mbili zilizoungua hadi kuwa kama mkaa. Alifuata nyaya kwa kidole, akafika kwenye koili ya tatu, ile isiyo na karatasi.

"Hii umeigeuza."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kona uliipima?"

Bhoke akaangalia sakafu. "Nilipimiwa."

Bhoke alikuwa fundi wake wa kwanza mwanamke, na mzee alishawahi kusema mbele ya wateja kwamba ndiye wake bora. Sasa alirudia lile neno moja, "Ulipimiwa," kama mtu anayeonja kitu kilichochacha, akaenda kumimina chai yake. Hakummiminia yeye.

Walizizungushia upya zile koili, waya mpya, vanishi mpya. Bhoke alifanya kazi bila kula mchana wala kupumzika. Walipomaliza waliijaribu palepale karakanani, ikatulia vizuri, halafu kona ya mwisho wakaifungua tena, kwa sababu njia ya Kenyamonta inalegeza mpaka meno, na kona hufungwa kule kule inakokwenda kufanya kazi.

Hezekia alipiga simu. "Sikiliza, mke wangu. Umtume Shamsudin akaifunge. Ni mwanaume, atapanda, ataifunga, yaishe. Baba hatauliza."

Shamsudin, fundi mwenzake, alikuwa tayari. Na Bhoke, niseme ukweli, alikubali. Alifurahi hata. Alianza kumpangia Shamsudin spana kwenye mfuko, huku akijiambia kwamba ni kwa ajili ya heshima ya mzee. Ndipo Kornelio naye akapiga.

"Shemeji, nina jambo linanikaa vibaya. Jana baba alikuwa mnadani. Alimkuta yule Clement wa Sirari. Kamtukana mbele ya watu wote, kamwita mwizi. Yule mtu amekuwa akiapa kwamba transfoma ilikuwa nzima, watu wanamzomea. Mimi sina hakika kama vile vijiti viligusa. Nilifumba macho."

Bhoke alikaa chini juu ya koili chakavu. Aibu ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, angeweza kuishi nayo, angeizoea kama watu wanavyozoea kilema. Hii ya sasa ilikuwa imemwangukia mtu wa watu asiyejua lolote, na kila siku ambayo ingepita ingezidi kumlemea. Alichukua ovaroli msumarini, akaikunja, akaitia kwenye begi. Mfuko wa spana akaurudisha begani mwake.

Alipofika Kenyamonta alikuwa ameshaivaa ovaroli, kanga ameizungushia kiunoni. Wazee walikuwepo. Machage alikuwa amewaita tena walewale, kwa sababu ni mtu asiyependa jambo lake liishie kwenye moshi. Wanawake walikuwa kando ya ukuta na ndoo zao. Transfoma ilikuwa imemtangulia kwa pikapu, na vijana walishaipandisha jukwaani. Kiti cha mzee kilikuwa palepale, chini ya ngazi.

Macho yote yalikwenda kwenye ile ovaroli. Nchagwa akakohoa.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba." Mzee akaangalia pembeni.

Bhoke alisema haraka, kabla maneno hayajakauka tena.

"Tata, transfoma haikuwa mbovu. Yule mtu wa Sirari hakukuibia. Mimi niliigeuza koili moja. Kipimo kingeonyesha, lakini ile namba sikuiona mwenyewe. Nilitaka irudiwe, nikanyamaza."

Kornelio akasema kutoka kando ya ngazi, "Na mimi sikuangalia, baba. Nilisema sifuri kwa sababu niliambiwa itakuwa sifuri."

Hakuna aliyesema nani alimnyamazisha Bhoke. Haikuhitajika. Wote walikuwepo, wote walicheka. Nchagwa alianza kuchunguza kucha zake. Na Machage, mtu mzima yule, alishusha macho mpaka kwenye viatu vyake, na Bhoke akaona shingo yake ikibadilika rangi. Hakuwahi kumwona mzee akiona aibu. Alimwonea huruma kuliko alivyojionea yeye, akajuta kuyasema mbele ya watu, na papo hapo akajua kwamba yasingesemwa kwingine kokote.

Machage akasimama. Bhoke alidhani anaondoka. Mzee alikishika kiti chake kwa mkono mmoja, akakiburuza kupita ndoo, kupita zizi la mbuzi, akakiweka upande wa pili wa uwanja, kikitazama zizi la ng'ombe. Akakaa. Mgongo wake ulikuwa kwenye mashine.

Wazee wakatazamana. Mmoja akainua kiti chake, akafuata. Wa pili akafuata. Nchagwa akawa wa mwisho.

"Tumekuja kutazama ng'ombe?" akanong'ona.

"Tumekuja kusubiri unga," Machage akasema. "Kaa."

Kisha, akiwaelekea ng'ombe wake, akapaza sauti kidogo. "Kornelio. Mwambie fundi apande. Huku hakuna anayemwona."

Fundi. Hakuwahi kumwita hivyo. Bhoke alivua kanga, akaitundika kwenye ngazi, akapanda. Chini yake kulikuwa na wanawake tu na Kornelio aliyeshika ngazi akiwa ameangalia ukuta.

Umeme ukawashwa upande wa kuingia. Transfoma ikaguna mguno wake wa kawaida. Aligusisha mita kwenye fezi mbili, ikasoma mia nne: ina uhai. Akaleta vijiti kwenye kona iliyo wazi.

Ikaja sauti ya mzee, kutoka ng'ambo ya uwanja, bila kugeuka:

"Inasema ngapi?"

"Sifuri, tata."

Wazee wakaguna kwa furaha. Nchagwa alikuwa ameshaanza kunyanyuka.

"Kaeni," Machage akasema. Akafikiri. "Hiyo sifuri ni ya kweli, au ni kama ile ya siku ile?"

Bhoke alitazama mita. Sifuri tupu, nyoofu, haikuchezacheza hata kidogo. Karakanani ilikuwa imesoma volti chache. Alijua kabla hajajibu, na alihisi damu ikimrudi usoni, kwamba alikuwa karibu kuridhika.

"Sijui, tata. Naomba nirudie."

"Rudia. Hatuna haraka."

Akaagiza umeme uzimwe. Akakwangua kichwa cha waya kwa kisu, vanishi mpya ikatoka kama ganda la kitunguu, shaba ikang'aa. Upande wa pili pia. Umeme ukawashwa tena. Akagusisha, na macho akayaweka kwenye mita, hakuyatoa.

"Inasema ngapi?"

"Nne."

"Mia nne?"

"Nne tu, tata."

"Nne ni mbaya?"

"Ni nzuri. Ni nzuri kuliko ile sifuri."

Mzee alitikisa kichwa polepole, bado akiwaangalia ng'ombe, kama mtu anayejifunza jina la mgeni. "Umeiona mwenyewe?"

"Nimeiona mwenyewe."

"Basi funga."

Umeme ukazimwa. Bhoke akaweka kipande cha shaba kwenye kona ya mwisho, akakaza nati ya kwanza, akakaza ya pili, akaivuta kwa vidole kuhakikisha. Akaagiza uwashwe. Transfoma ikaguna, haikunguruma. Akasubiri, akaweka kiganja juu ya mfuniko: baridi. Ndipo akampa Kornelio ishara, na Kornelio, safari hii macho yakiwa wazi, akaiwasha mashine.

Ililia kwanza, kisha ikachanganya, na mlango wa chumba ukaanza kutetemeka. Stefania alimwaga ndoo ya kwanza. Unga ukaanza kutoka kwenye mfuko, mweupe, na wanawake wakapiga vigelegele, wakasukumana, wakaushika kwa mikono na kupakana usoni. Nchagwa alikuwa anasokota shingo kama kuku, ila hakugeuka, maana Machage hakugeuka.

Mzee alikuwa ametoa ng'ombe kwa ajili ya asubuhi hii. Alikuwa amekiweka kiti chake mahali pazuri kuliko pote. Sasa jambo lake lilikuwa linatokea nyuma ya mgongo wake, na yeye amekaa wima, mikono juu ya magoti, akilisikiliza tu.

Bhoke alishuka haraka kiasi cha kukosa ngazi moja. Akachukua kanga, akajifunga, fundo likamtoka, akalifunga tena. Akavuka uwanja mpaka pale anapotakiwa kusimama, mbali kidogo, macho chini.

"Umeshuka?" mzee akauliza.

"Nimeshuka, tata."

"Umejifunga?"

"Nimejifunga."

Ndipo Machage akainuka, akageuka, akaanza kutembea kuelekea mashine yake, ambayo wanawake wote walikuwa wameshaiona ikianza, yeye bado. Alipompita mkwe wake alisimama.

"Kesho nakwenda Sirari," akasema, akiangalia chini kama yeye. "Kwa yule mtu niliyemwita mwizi. Huko nako kuna la kusema, na mimi sina mgongo wa kumgeuzia."